Mstari wa Debe la Mbale

Barasa rafiki yangu,

Kesho asubuhi nasimama mbele ya walimu wa uchumi kutetea programu yetu ya bei za mahindi, na tangu juzi naijaribu hotuba yangu mbele ya kioo. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema, "Afande, tulia," eti kwa kuwa mimi ni binti wa askari wa kambi ya Kimaka.

Tangu tukuzike nahangaika na mstari mmoja tu wa programu hiyo, ule unaozidisha uzito wa kila debe la Mbale mara 1.2 kabla kompyuta haijalinganisha bei ulizokusanya huko na zangu za soko la Budondo, hapa Jinja. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Hiyo laini usiguse, nitakuonyesha Jumatatu." Jumamosi boda ikakugonga. Nilikukasirikia, Barasa. Wewe, siyo boda.

Nikajaribu kuufuta. Mbale, iliyokuwa na mahindi ya bei nafuu, ikawa sawa na Jinja. Sasa nitetee jibu lipi?

Wiki iliyopita nikaenda Mbale kwa mama yako, pale anapouzia mahindi karibu na viwanda. Nikamwona akijaza debe. Budondo wanasawazisha kwa kijiti. Yeye anarundika mpaka punje zinamwagika, halafu anaongeza konzi moja. Hapo nikaielewa ile 1.2 yako, nikalia mbele ya wateja bila aibu. Akaniambia ulikuwa unapima madebe yake, naye akikufukuza: "Toka hapa na hiyo mizani yako, utanifukuzia watu!"

Nikaiazima mizani hiyo, nikapima kwa wauzaji wengine kumi. Lo! Hakuna anayerundika kama yeye. Wengi hawafiki hata 1.1. Ulipima kwa mama yako tu, ukadhani soko zima liko hivyo.

Basi nimebadilisha namba yako. Nilijiona kana kwamba nakuibia. Mbale bado ni nafuu, ila kidogo tu. Na kama nami nimekosea? Wakiniuliza, wewe hupo kunitetea.

Nakuahidi hili: nitawaambia wazo lilikuwa lako, na kosa pia, nami sikuliona. Sitakuficha.

Pumzika, ndugu yangu. Mama yako sijamwambia kwamba anajaza kuliko wenzake wote. Nadhani anajua.

Wako,
Apio