Mwenyekiti Aliyepitia Jikoni

Papa Anselme,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yetu ya kantini, ile iliyo karibu na mashine ya soda, hapa hapa ghalani Plymouth. Tangu tukuzike, kiti chako mara nyingi kiko wazi. Watu hawajui kwamba kilikuwa chako, lakini wanakipita tu. Mkono wangu wa kulia unauma kwa sababu ya maboksi, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Ulizoea kuniambia naandika kama mtu anayelima.

Nataka kukuambia yaliyotokea kwenye tawi la chama chetu, maana nusura tuliue sebuleni kwako mwenyewe, bila msaada wa adui yeyote. Ila niache nianze mbali kidogo, kama wewe ulivyopenda kuanza.

Unakumbuka nilivyokujibu siku ya kwanza ulipotaja chama? Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi, sina hata majira mawili ya theluji mwilini. Nikakwambia siasa ilichoma nyumba ya baba yangu, sitaki kuisikia. Mtu mwingine angenihubiria. Wewe ulinisogezea nusu ya sombe yako, yale majani ya muhogo, tukala kimya mpaka kengele ikalia. Kesho yake ukauliza tu, "Nani aliichoma?" Nikataja watu. Ukasema, "Hao walitaka madaraka. Siasa ni pale majirani wanapokaa kuzuia nyumba isichomwe."

Nikaanza kusikiliza. Mimi niliyeishia darasa la pili la sekondari nilisoma historia hapa, breki moja ya kazi baada ya nyingine, kwa mwalimu aliyekuwa fundi wa reli. Ulinieleza kwamba wazo lenyewe la chama, demokrasia ya Kikristo, halikuzaliwa kwetu. Lilianza Ulaya wakati wa viwanda vya mwanzo, wafanyakazi wakikamuliwa kama miwa, na Wakristo fulani wakaona haya kuwahubiria mbingu watu wasio na mkate. Wakaanza na vyama vya wafanyakazi, na ushirika wa wakulima. Kisha ikaja vita kuu ya pili, na watawala waliosema serikali ni kila kitu na mtu si kitu. Wakatoliki na Waprotestanti ambao hawakuwa wakisalimiana wakajikuta kwenye gereza moja, wakigawana kipande kimoja cha mkate. Waliotoka hai wakaanzisha vyama pamoja. Wakashinda uchaguzi, wakawakalisha meza moja watu waliotoka kuuana jana.

Nikakuuliza kama walikuwa malaika. "Hapana," ulisema. "Wengine walilewa madaraka. Wengine waliiba. Wazo halikuiba."

Na nyumbani kwetu Kalemie? Hapo sauti yako ilikuwa inashuka. Ulisimulia miaka ya chama kimoja, jinsi mlivyolazimishwa kucheza ngoma ya kumsifu mkubwa kabla ya kuingia karakana, na wewe ukasema goti linauma. Liliuma miaka mingi goti hilo. Vyama vingi viliporuhusiwa, mlikutana kwenye stoo ya parokia, juu ya magunia ya mahindi, walimu, wauguzi, na ninyi watu wa reli. Goti likapona.

Mimi Mprotestanti nikaogopa, nikauliza kama ni chama cha kanisa. Ulicheka mpaka supavaiza akageuka. "Padri akitaka kusema, achukue kadi kama wewe, asubiri zamu yake." Ulikuwa ukisema hatuombi kura kwa jina la Yesu, tunajiuliza tu ni kitu gani angeona haya kukitazama. Kwamba mtu ana thamani kabla ya kuwa na kazi, kabla ya kuwa na karatasi, kabla ya kuwa na kabila. Hapa nilipo, mimi ninayeitwa kwa namba ya beji, maneno hayo yalinifanya ninyooshe mgongo.

Lakini lililonikaa zaidi ni lile la chumvi na moto. Nilikuwa nimeuliza serikali inapaswa kufanya nini hasa. Ukasema, "Chungu kikiwa jikoni kwa mama, jirani haingii kutia chumvi. Nyumba ikiungua, jirani hasubiri kukaribishwa." Ukasema siasa yetu yote ni kujua tofauti ya hayo mawili. Nyumba ifanye inaloliweza. Mtaa uingie pale nyumba inaposhindwa. Serikali iingie pale mtaa unaposhindwa, na isikae kuliko inavyohitajika.

Basi sikia.

Wiki chache baada ya matanga, tulikutana Jumamosi kama kawaida, nyumbani kwako mjini Crystal. Mama Felisi alikuwa jikoni. Bila wewe hatukuwa na mwenyekiti, kwa hiyo Donati akashika mkutano. Unamjua Donati, akiacha kuendesha lori anaendesha watu. Akasema jambo la kwanza ni mjane wa marehemu. Sote tukaitikia, tukapanga kwa upendo mkubwa. Mama ahamie Texas kwa mwanawe Felisi. Nyumba irudishwe kwa mwenye kuipangisha. Makochi apewe yule mama aliyefika juzi na watoto. Tukapiga kura. Mikono yote juu, na wangu pia. Papa, tulifurahi hata tukapiga makofi.

Mama Felisi akatoka na sinia la ugali na samaki.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mama," Donati akasema. "Tumekupangia vizuri sana."

Akasikiliza mpango wote akiwa bado ameshika sinia, hata lilipotajwa kochi alilozoea kukalia. Kisha akaliweka mezani taratibu.

"Donati, nyumba yangu inaungua?"

Donati akatuangalia sisi.

"Nakuuliza wewe. Unaona moshi?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nani amewaita kutia chumvi?"

Sijawahi kuona watu wazima wakiangalia viatu vyao namna ile. Donati akajitetea kwamba tulidhani angependa kuwa karibu na mwanawe. Mama akamwambia, "Uliniuliza lini? Kila Jumamosi unaufungua huo mdomo nyumbani kwangu, lakini kwa samaki tu." Hapo mtu mmoja alicheka, na Mama mwenyewe akacheka kidogo, halafu akalia. Tulimwacha alie. Samaki walipoa.

Alipojifuta uso ndipo alituambia kuhusu jikoni.

Unakumbuka tulivyokutania? Kila tulipofika karibu na kupiga kura, ulisema, "Ngoja kidogo," ukaondoka, na sisi tukaambiana, mwenyekiti anakwenda kuonja mchuzi. Miaka yote ile. Hukutukatalia hata siku moja. Kumbe ulikuwa unasimama pale mlangoni, unamweleza jambo lote tangu mwanzo, kisha unauliza, "Mama Felisi, wewe unaonaje?" Alituambia kwamba siku tulipotaka kumfukuza yule ndugu aliyehamia chama kingine, ni yeye aliyekwambia, "Mwacheni aende na kadi yake, lakini Jumamosi aje ale." Sisi tukakusifu wewe kwa hekima ile. Nilikusifu mimi zaidi ya wote, kwa sauti. Ulitikisa kichwa ukasema, "Si yangu." Tukadhani ni unyenyekevu.

Sikukuheshimu pungufu baada ya kusikia hayo. Nimekuheshimu zaidi. Nimesikia wengi wakiongea juu ya wadogo kupewa sauti. Wewe uliinuka kwenye kiti.

Mpango wetu tuliufuta palepale. Tukampigia Felisi simu mbele ya mama yake, akaulizwa yeye, na mama akaulizwa. Felisi alisisitiza, mtoto ana haki ya kusisitiza. Mama akamwambia kanisa lake liko hapa, kaburi la mume wake liko hapa, na Texas atakwenda kutembea theluji ikizidi. Felisi akajibu, "Sawa, Mama. Lakini tiketi nakata mimi." Hilo alikubaliwa.

Tukamwuliza basi tawi limsaidie nini. Alitaja mambo matatu bila kufikiri, maana alikuwa ameyafikiri zamani. Mtu wa kumpeleka sokoni Brooklyn Center, maana hana leseni. Mikutano isihamishwe kutoka nyumbani kwake. Na kadi. Alisema amepikia chama hiki tangu stoo ya parokia na hajawahi kuulizwa kama anataka kadi. Papa, hilo hata wewe lilikupita. Alilisema kwa upole, nami nakufikishia kwa upole uleule.

Sasa anakaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na dirisha. Akiongea anaongea kwa ufupi. Tunapeana zamu za kupika, na chakula kimeharibika sana, sitakuficha.

Mimi ndiye nashika mkutano kwa sasa. Sikuomba. Nafika nimechoka, miguu imejaa, wenzangu wengine wana diploma, lakini walisema wewe ndiye uliyenifundisha. Jumamosi iliyopita tulibishana kama tawi liungane na tawi la mji mwingine. Mikono ilipokuwa inataka kuinuka nikasikia mdomo wangu unasema, "Ngoja kidogo." Nikaenda jikoni. Donati alikuwa kwenye sinki, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko.

"Umekuja kuonja?" akauliza. "Usijisumbue, nimeunguza."

"Nimekuja kukuuliza."

Nikamweleza jambo lote tangu mwanzo. Alizima maji ili anisikie vizuri.

Kengele ya breki inalia, mkanda wa maboksi unaanza kutembea, lazima nirudi. Pumzika, Papa. Kazi ya reli imekwisha, ya maboksi imekwisha, goti halitauma tena. Mama Felisi namwangalia kwa mbali, naye akiona moshi ataita. Na nikiwa mimi ndiye nimekaa mbele ya watu, hakuna mkono utakaohesabiwa kabla sijainuka kwenda kumwuliza aliye mlango wa pili, jikoni.

Mwanao wa meza ya kantini,
Zakaria