Dawa Niliyoitafiti Imeshindwa, Nami Nawakwepa Wagonjwa

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hata kama utanigombeza, maana nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza na kazi yangu kubwa ni utafiti, tangu nimalize masomo niko kwenye kifua kikuu, kile sugu kisichosikia dawa za kawaida, nimeolewa humo, nimezaa humo, na mume wangu, ambaye ni mwalimu, huwatania wenzake kwamba alioa mwanamke lakini anaishi na kikohozi, na zamani nilikuwa nacheka. Miaka hii ya karibuni tulikuwa tunajaribu dawa mpya, wagonjwa wote wanatibiwa kama kawaida na nusu yao tunawaongezea hiyo mpya tuone kama watapona mapema, nao walikubali kwa hiari yao, wakaja kliniki kwa jua na kwa mvua, wakatoa damu, wakatoa makohozi. Sasa majibu yametoka. Dawa haisaidii kitu. Walioimeza na wasioimeza wamepona sawasawa, ila walioimeza wametapika zaidi.

Sikulia, nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vikombe vya chai vya ofisi nzima. Mkuu wangu wala hakushtuka, akasema, "Daktari, utafiti ndivyo ulivyo. Andika ripoti, kisha ushike utafiti mpya, nimeshakupendekeza uuongoze." Nikamuuliza, "Na wagonjwa nani atawaambia?" Akajibu, "Tutabandika tangazo kliniki."

Mshauri, mtaani kwetu kuna fundi cherehani, mama mmoja aliyetapika kuliko wote na hakuacha kuja. Kila nikipita anasimamisha cherehani na kuniita, "Daktari wetu! Dawa yetu imefikia wapi?" Mara ya mwisho nilimwambia bado tunasubiri, na majibu nilikuwa nayo mkobani, na tangu hapo nazunguka njia ya nyuma, kwenye matope. Juzi tukiwa mezani binti yangu akaniuliza, "Mama, hao wagonjwa wako hawana mama zao?" na baba yake akainamia sahani, na mama mkwe akadakia kwamba ujana wangu wote nimeupoteza kwenye makohozi ya watu. Niache kazi? Au niukubali huo utafiti mpya nife nimesimama?

Daktari Aliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Daktari. Naanza na pole kwa sababu naona hapo kwenu hakuna aliyekupa. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Nani kakudanganya kwamba umeshindwa? Mlitaka kujua kama dawa inasaidia, mmejua: haisaidii. Bila ninyi watu wangekuja kuitapika wakidhani wanapona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa hata koleo halijavunjika, kachoka mhunzi. Kinachokula moyo wako si dawa, ni yule fundi. Mtu mzima, msomi, unakanyaga matope kumkwepa mwanamke aliyekupa damu yake! Huoni haya? Tangazo la ukutani ni la kusema maji yatakatika. Aliyekukubalia kwa mdomo, mjibu kwa mdomo. Waite wote. Lakini fundi mfuate kwake, umwambie na ule uongo. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake.

Kuhusu kuacha kazi, usiamue sasa. Mwenye homa hapimwi nguo. Mwambie mkuu wako utampa jibu ukitoka likizo, na likizo iwe likizo kweli, si kusomea ripoti kitandani. Utani wa mumeo uliacha kuwa utani siku nyingi. Mkalishe, muulize, kisha nyamaza umsikilize. Mwanao usimpe maelezo, mpe asubuhi zako. Mama mkwe mwitikie "ndiyo, mama," uendelee na yako.

Ukurasa huu ukiwa karibu kwenda mtamboni, Daktari alinitumia ujumbe. Nauweka kama ulivyo:

"Nimekwenda kwa fundi. Nimemwambia yote, na kwamba nilimdanganya. Alikata uzi, akakata mwingine, hadi nikatamani anitukane. Kisha akauliza, 'Yaani nilitapika bure?' Nikasema, 'Si bure, mama, lakini wewe haikukusaidia.' Akasema, 'Mh.' Akaendelea kukata uzi. Nilipogeuka niondoke akanisogezea kiti kwa mguu. 'Kaa kwanza. Unaonekana mgonjwa kuliko mimi.' Nikakaa, mshauri, nikalia pale pale mbele ya wateja wake."

Vizuri. Sasa futa machozi uwaendee waliobaki, likizo ianze baada ya hapo.