Chai ya Mgeni wa Ustawi

Cape Town, 3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Za Malvern? Mkono wa kushoto unaendeleaje, na ule mguu unaouburuta tangu upate kiharusi? Mimi nipo, nafanya kazi, nakula. Hapa kwenye nyumba ya wazee wamenipa zamu ya asubuhi, ya kuogesha. Naogesha mama za watu, wa kwangu yuko peke yake. Haya.

Simu huisikii vizuri, ndiyo maana nakuandikia na kumpa Rajab wa mabasi akuletee. Ofisi imekubali ombi letu. Alhamisi ya tarehe kumi na nne atakuja ofisa wa ustawi wa jamii kukupima. Sheria ya huku inataka mzee asiyejiweza ahudumiwe nyumbani kwake, lakini lazima kwanza waone mwenyewe: anaoga? anavaa? anapika? chooni anafika? Atakachoandika huyo ofisa ndicho kitakachoamua kama utapata mtu wa kukusaidia kila asubuhi au utabaki hivyo hivyo.

Kwa hiyo nakuomba Mama, mwambie ukweli. Usijikaze.

Mwanao,
Emmy

Malvern, Johannesburg, 14 Machi 2024

Mwanangu Emmy,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu, mkono unasumbua kidogo tu. Zuhura wa spaza, kile kiduka cha hapo chini, anakusalimu sana.

Mgeni wako kaja, na wala usiwe na wasiwasi, hatukuaibika. Nilianza kufagia tangu jana. Nikavaa kile kitenge cha maua ya njano ulichoniletea, Zuhura akanifunga kilemba. Binti mwenyewe mdogo, mpole, kapanda ngazi zote zile anahema. Mtu kama huyo utamwachaje akae mkavu? Nikamchemshia chai ya tangawizi, nikamwekea na maandazi kwenye sahani za marehemu baba yako. Kanywa vikombe viwili! Tukapiga soga kwa Kizulu, akashangaa Mtanzania kukijua hivyo. Nikamweleza kwamba mume wangu alikuwa mtu wa huku, alikuja kwetu Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa, na ubaguzi ulipokwisha, nchi ikafunguka, nikamfuata.

Halafu akaanza mambo ya kuoga. Emmy! Mtoto wa umri wa mjukuu wangu, kikombe mkononi, ananiuliza habari za chooni. Nikamwambia yote naweza. Ulitaka nisemeje? Alikuwa anaandika huku anatabasamu. Nadhani tumefaulu.

Mama yako

Cape Town, 21 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini umeamka salama. Mimi mwili hauumi, roho ndiyo inayouma.

Majibu yametoka. Wameandika kwamba wewe ni mchangamfu, unatembea, unapika na kukirimu wageni, unajihudumia mwenyewe. Huduma ya nyumbani huhitaji. Mama, chai! Umejinyima msaada kwa sababu ya chai. Yule hakuja kututembelea. Alikuja aone unavyohangaika, akaona kitenge na sahani.

Nimekasirika, siwezi kukuficha. Likizo yangu ni Desemba, nikiondoka kabla ya hapo nafasi yangu anapewa mwingine, na tutakula nini? Kama nimekosa adabu unisamehe. Lakini ningekuwa hapo siku ile, ningekufunga kwenye kiti.

Mwanao,
Emmy

Malvern, 30 Juni 2024

Emmy mwanangu,

Marahaba. Habari za baridi ya huko? Hapa ni ya kukata masikio.

Sikukujibu kwa sababu nilinuna. Wewe wa kunifunga kwenye kiti! Halafu nikaanguka, ndiyo nikaacha kununa. Ilikuwa bafuni, asubuhi, mguu ukateleza. Nikalala pale kwenye sakafu na baridi hii mpaka Zuhura alipopanda kuniletea mkate. Mfupa haujavunjika. Nyonga ndiyo imevimba, nikigeuka kitandani naona nyota.

Na kuna jingine. Ile siku ya mgeni, mkono huu wa kushoto uliachia birika. Maji yalinimwagikia pajani. Nilikuwa jikoni, hakuona. Nikabana meno, nikachemsha mengine, nikatoka na sinia nikicheka, paja linawaka moto ndani ya kitenge chako. Kovu lipo mpaka leo.

Usinione mjinga. Baba yako alifika kwetu hana hata shati la pili, na mama yangu alimkaribisha kwa kuku. Mimi ndivyo nilivyolelewa. Mgeni akae kwangu midomo mitupu, nimtazame tu? Hiyo sijui inafanywaje.

Mama yako

Cape Town, 7 Julai 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Barua yako niliisomea chooni kazini ili wasinione nikilia. Yale maneno ya kiti yafute.

Nimewaandikia ofisi. Nimewaeleza kuanguka kwako na kuungua kwako, nikawaomba wapime upya. Haki hiyo tunayo, hali ikibadilika wanatakiwa kuja tena. Wamesema mwezi wa tisa. Eish, mwezi wa tisa! Lakini watakuja.

Safari hii fanya ninavyokuambia. Usifagie. Usibadilishe nguo. Maji usiyaguse. Zuhura ndiye afungue mlango, wewe ukae. Mwonyeshe paja. Akikuuliza kama unaoga mwenyewe, mwambie ulivyoanguka. Najua nakuomba kitu kigumu, Mama. Nifanyie mimi.

Mwanao,
Emmy

Malvern, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Emmy,

Marahaba. Nyonga bado. Wewe je, unalala?

Wiki iliyopita alikuja binti yule yule. Nilifanya ulivyosema. Nilikaa kitandani na gauni la kulalia lenye doa la uji, kichwa wazi. Zuhura akafungua. Chumba kilikuwa kinanuka, nilikisikia mwenyewe. Binti kaketi, sikumpa hata maji. Nilimwona akizitazama zile sahani kabatini, nadhani alikumbuka. Akaniomba nisimame, nikashindwa, akanidaka kwapani. Nikamwonyesha paja. Nikamwambia na habari za chooni, zote.

Leo Zuhura kanisomea jibu, maana limeandikwa kwa Kiingereza. Wamenikubali. Mwanamke wa kuniogesha anaanza Jumatatu asubuhi, na atakuja kila siku. Ulichokitaka umekipata, mwanangu, nami nakushukuru, maana najua ni kwa kunipenda. Lakini naona aibu. Tangu siku ile nasikia aibu hata nikiwa peke yangu.

Ila huyu wa Jumatatu ni mgeni mpya, hajui habari zangu. Nitaamka mapema nijioshe kwanza, angalau asinikute mchafu. Na maji ya chai nitayaweka. Kikombe kimoja hakitavunja sheria yao.

Mama yako

Cape Town, Jumatatu, 16 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Basi la Rajab liliharibika njiani juzi, barua yako kanipa mchana huu. Nimeisoma nimesimama mlangoni kazini, mpaka pale uliposema utaamka mapema ujioshe.

Nimekupigia, inaita tu. Siku zote huisikii, najiambia hivyo. Ofisini wanasema yule mwanamke alifika asubuhi, akabisha sana, hakufunguliwa, akaondoka. Mlango nao huwa huusikii ukiwa umelala. Labda umelala. Zuhura kapokea, kasema duka limejaa watu, atapanda sasa hivi. Hajanipigia tena.

Nimeomba ruhusa, wamekataa, nimeondoka. Naandika hapa kituoni kwa sababu mikono hii sijui niifanyie nini. Barua hii sina wa kumpa, nakuja nayo mwenyewe. Nitakuogesha mimi. Ningekuogesha tangu mwanzo.

Basi linaita watu. Kesho nitapanda ngazi zako. Ufunguo ninao. Ukinisikia mlangoni, Mama, usiinuke.

Mwanao,
Emmy