Kwa Dada Yetu, Aliyepima Mteremko na Watu Wanaoishi Chini Yake

Mwaka umetimia, Dada, tangu ulipotuacha, viatu vyako vya matope vikiwa bado uvunguni mwa meza pale chuoni. Moyo ulikusumbua majuma machache tu, nasi tulidhani unahitaji kupumzika. Anayeandika ni mdogo wako wa mwisho. Shemeji alianza kuandika akaacha, akaanza tena akaacha, kisha akanipa kalamu akisema mimi ndiye mwenye maneno mengi.

Kwa wasiokufahamu: ulikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na kazi yako ilikuwa maporomoko ya ardhi. Ulitaka kujua ni mteremko upi utaachia, na baada ya mvua kiasi gani. Ulisoma mpaka Mama akachoka kuuliza utamaliza lini. Ulipopata shahada ya uzamivu aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari, na jioni ile ile mmoja akaja na mguu uliovimba. Ulimpa kiti, ukampa chai, ukamsindikiza hadi zahanati.

Ulikuwa mtu wa kukagua nyuma ya nyumba kabla ya kutazama mbele. Siku uliyonisindikiza kutafuta pa kupanga, mwenye nyumba alitufungulia sebule yenye vigae vinavyong'aa, wewe ukamwomba akuonyeshe mtaro wa nyuma. Ulirudi na matope hadi magotini, ukasema, "Hapa hapana, mdogo wangu." Nilinuna wiki nzima. Ile sebule ilikuwa nzuri bwana.

Ulituambia kwa maneno mepesi kwamba mvua zimebadilika: ile iliyokuwa ikigawanyika mwezi mzima siku hizi inamwagika kwa siku mbili, na udongo haupati nafasi ya kuinywa. Uliyasema hayo mezani, ukipakua chakula, bila kumtisha mtu. Wanafunzi wako walikuwa wakija kula kwako mikataba yao ya utafiti ilipochelewa, na wewe mwenyewe ulikuwa wa mkataba, unaoongezwa mwaka hadi mwaka, mvi zikiwa zimeshakutoka.

Miaka michache iliyopita, vipimo vyako viliposoma vibaya, ninyi wa chuoni mliishauri manispaa iwahamishe watu wanaoishi chini ya mteremko. Kaka yetu mkubwa, fundi magari, anaishi pale na gereji yake iko pale. Alifunga milango, akaenda na familia yake kulala kwenye madarasa ya sekondari pamoja na wenzake. Mvua ikakatika. Mteremko haukusogea hata kidogo. Waliporudi, wezi walikuwa wamevunja gereji na kubeba kompresa, jeki na mashine ya kuchomelea.

Kaka alikuja kwako akiwa amevimba kwa hasira. "Mimi sihami tena," alisema. "Huo mlima wako ukija, utanikuta nyumbani."

Hukubishana naye. Watu wa mtaa walikubandika jina, Mama Mteremko, wakikucheka, nawe ukaanza kuitika. Ukawa unakwenda nyumba kwa nyumba, lakini si kuwaeleza habari za udongo. Ulikuwa na swali moja: ulipoondoka hapa, ulipatwa na nini? Wakakueleza kuhusu makufuli yaliyokatwa, vyoo vya shule vilivyojaa, mgonjwa aliyekosa mahali pa kulala. Ulisikiliza matusi pia, maana na yenyewe yalikuwemo.

Mkuu wa idara yako hakupendezwa. Ulitusimulia ukimwigiza sauti: "Wewe ni mtu wa udongo. Mambo ya vyoo na makufuli waachie wengine." Ukamjibu kwamba udongo mmeshauelewa vya kutosha, msichokielewa ni kwa nini watu wanabaki chini yake. Mwaka ule faili lako la kupandishwa cheo lilirudishwa. Liliandikwa kwamba nusu ya kazi zako ziko nje ya fani. Uliumia, Dada, tulikuona, japo ulisema yamekwisha na ukaondoka kwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Lakini hukuacha. Uliwasumbua manispaa mpaka wakakubali mpango wako: onyo likitolewa, malori yapite mlangoni kwa kila mtu kubeba vitu vyake vya kazi, na wakazi wachague walinzi wao wenyewe, wakae kwenye njia za kuingilia, mahali ambapo udongo hauwezi kufika. Uliyaandika yote kwenye jarida la chuo. Majina ya watu hukuyataja, kama taratibu zenu zinavyotaka, ila kaka alijigundua mara moja. "Mhojiwa wa kumi na nne, fundi, mbishi," alisoma kwa sauti. "Hilo la mbishi nalo ni sayansi?" Ukamwambia limethibitishwa na wahojiwa wengine wote.

Hata hivyo hakukubali. Ulipokuwa umelazwa, alikuja akakaa pembeni ya kitanda na mikono yake yenye grisi, hajui aiweke wapi. Ulimwuliza, "Kaka, lori likija mlangoni, utapakia?"

"Pona kwanza," alisema.

"Nimekuuliza swali."

"Nitaangalia."

Hukumlazimisha. Ulimwomba akuinulie mto, akakuinulia. Ukaondoka hivyo, bila kujua atafanya nini, na sisi tuliobaki hatukujua.

Mvua kubwa zilirudi mwaka huu. Yule binti uliyekuwa ukisimamia tasnifu yake, anayeendeleza vipimo vyako, alinipigia simu. Vipimo vimepanda, alisema, inabidi washauri watu watolewe. "Na mteremko usipoanguka tena je, Shangazi? Hawatatuamini maisha yao yote." Mimi najua nini kuhusu udongo? Nilimwambia wewe usingelala na vipimo hivyo mkononi. Alituma taarifa asubuhi ile ile.

Nilikwenda kwa kaka. Lori lilikuwa limesimama nje, dereva anapiga honi. Kaka alisimama mlangoni mwa gereji, amekunja mikono, anatazama juu kule kwenye mteremko, halafu anatazama vifaa vyake. Wifi alikuwa tayari na mabegi na watoto, ameshasema ya kusema. Nami nikanyamaza, jambo ambalo unajua si la kawaida.

"Mnanitazama nini?" kaka alisema. "Shikeni huku, kompresa mpya ni nzito."

Tulipakia mpaka spana ya mwisho.

Mteremko haukuanguka, Dada. Mvua ilipungua, binti yako wa vipimo akaruhusu watu warudi, na kila kufuli lilikuwa mahali pake. Kaka alikuwa anafagia gereji mteja mmoja alipopita na kumcheka, "Fundi, umehama bure tena!" Nilikuwepo, nikasubiri avimbe. Akaendelea kufagia. "Bure kitu gani? Nimekwenda, nimerudi, vitu vyangu vyote vipo. Wakiniambia kesho nitoke, natoka."

Chuoni hawajasema lolote kuhusu faili lako. Binti yako wa vipimo ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja.

Unamjua Mama. Miaka yote hii, wingu likitanda tu alikuwa anampigia kaka simu kumsihi atoke kule, na asipopokea, alikaa sebuleni na kanga begani mpaka kunapambazuka. Wiki hii imenyesha mvua ya kutisha. Mama alikula, akaoga, akazima simu, akalala.

Unakumbukwa na Mama, na mumeo, na wanao wawili, mkubwa ameingia chuo na hataki kusikia habari za udongo, na kaka na wifi, na mimi mdogo wako, na wapwa na wanafunzi wako. Kaka aliomba atajwe wa kwanza. Tumemkatalia.

Pumzika, Dada. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.