Salamu Kwenye Kaunta ya Jibini

Oulu, 9 Januari 1978

Mama mpendwa,

Salamu ya Mungu. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba nyonga haikusumbui sana kwa baridi hii. Baba je, bado anakohoa? Na mdogo wangu Ilta, jino lake limeng'oka? Mimi mwili haujambo. Theluji imeziba mlango wa jengo mara mbili wiki hii, tukatokea dirisha la chumba cha kufulia.

Kazini hakuna neno. Bado niko masijala, nagonga mihuri na kupanga majalada ya viwanja. Mkuu wetu amesema mwandiko wangu unasomeka hata na mlevi. Nadhani alikuwa ananisifu.

Mama, kuna jambo. Nimeliandika mara tatu nikachana karatasi. Jumamosi nilikwenda dukani kununua jibini, nikamkuta kaka yangu Oiva. Sikuwa nimemwona tangu kikao cha kundi cha Oktoba, aliponyimwa salamu kwa sababu ya televisheni yake, ambayo kwetu ni dhambi. Amekonda. Amevaa kofia uliyomfuma. Mdomo wangu ukasema, "Salamu ya Mungu, kaka," kama nilivyomwambia maisha yangu yote. Naye akaitikia hivyo hivyo, akanishika mkono, akawa hauachii.

Nyuma yangu alisimama mama Saimi Hautala. Hakuna asiyejua kwetu kwamba salamu ile ni ya muumini kwa muumini, na aliye nje huambiwa siku njema kama mtu yeyote wa barabarani. Mama Saimi akaniambia siku njema. Mimi, Mama, ambaye naketi mbele yake kila Jumapili kwenye ibada katika Nyumba ya Amani.

Ulikuwa ulimi tu. Ulimi wa mazoea. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nifanyeje?

Amani ya Mungu,
Mwanao, Tuovi


Haaraperä, 16 Januari 1978

Tuovi mwanangu,

Salamu ya Mungu. Sisi tu wazima. Baba yako anakohoa, lakini Jumapili amehubiri saa mbili nzima bila kunywa maji, kwa hiyo usimhurumie. Jino la Ilta limetoka, amelifunga kwenye leso na kila mgeni lazima alione. Ng'ombe wetu Mansikki atazaa kabla ya masika.

Jambo lako usilifuge. Kidole kikichomwa mwiba, mwiba hutolewa siku hiyo hiyo. Nenda kwa mzee Jalmari kabla hajakuita kikaoni, mwambie ulimi uliteleza, omba msamaha. Watakubariki, kwisha. Mimi mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpa salamu ya Mungu mwuza cherehani, kwa sababu alikuwa na ndevu kama za mhubiri. Naye akanijibu kwamba huyo Mungu akitaka cherehani, atampunguzia bei. Watu walinicheka mpaka Pasaka.

Lakini huyo unayemtaja, usikutane naye tena. Nunua jibini duka jingine. Sisemi kwa chuki. Kofia ile nimeifuma mwenyewe, najua ina joto.

Baba yako usimwandikie. Nitamwambia mimi, siku atakayokuwa ameshiba.

Amani ya Mungu,
Mama yako


Oulu, 6 Februari 1978

Mama mpendwa,

Salamu ya Mungu. Asante kwa soksi, nimezivaa ninapoandika. Hujambo na nyonga? Nyumbani hawajambo?

Nilichelewa. Kabla sijakwenda kwa mzee Jalmari, aliniita yeye. Kikao kilikuwa Jumapili tarehe 29 baada ya ibada. Tuliingia saa saba mchana, tukatoka giza limeshaingia. Unajua kwamba mwandishi wa vikao ni mimi, kwa kuwa najua kupiga taipu, na hakuna aliyefikiria kumweka mwingine. Kwa hiyo niliketi mezani nikaandika: Jambo la nne, dada Tuovi Pirttijärvi. Kisha nikasimama, nikajibu, nikaketi, nikaandika nilichojibu.

Walianza kwa upole. Waliuliza kama nilijua Oiva yuko nje. Nikasema najua. Wakauliza kama kwa salamu ile nilitaka kusema kwamba kikao cha Oktoba kilikosea. Mama Saimi akainuka kueleza kwamba mkono ulishikwa muda wa kutosha kukata soseji nzima vipande. Baadhi ya watu walicheka, nami nikacheka, na hilo nalo likawa jambo: ni roho gani inayocheka wakati wa kutibiwa dhambi?

Ndipo nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Nilipomtakia salamu ya Mungu, ile salamu ilikwenda wapi? Ilimfikia, au iligonga kofia ikaanguka?"

Mzee Jalmari akavua miwani.

"Binti, hilo si swali. Hiyo ni roho."

"Roho ipi, mzee?"

"Ile ile iliyomtoa kaka yako."

Hapo niliiona meza yetu ya Pasaka na ninyi nyote mmeizunguka, na kiti changu kimetolewa. Nikaomba msamaha. Wakaniwekea mikono, wakaniambia niamini kwamba dhambi zangu zote zimesamehewa. Akina mama walilia. Mama Saimi alinikumbatia, akanipa salamu ya Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Nikaingoja ile furaha. Haikuja. Nilihisi njaa tu. Nikaketi nikaandika: Dada Tuovi amekiri kwamba alitoa salamu kwa makosa, akasamehewa.

Mama, hapa ndipo naogopa, lakini naandika. Nimewadanganya wao, na wewe nilikudanganya kwanza. Ulimi haukuteleza. Nilimwona Oiva kabla hajaniona, tangu kwenye rafu za mikate. Nilikuwa na muda wa kugeuka. Nilisimama na kikapu changu nikajiuliza nimwambie nini, nikachagua.

Masijala tukikuta kosa hatulifichi. Tunalipiga mstari mmoja ili la zamani liendelee kusomeka, tunaandika lililo kweli pembeni, tunatia sahihi. Muhtasari utasomwa kikao kijacho, tarehe 26. Msomaji ni mimi. Nimeshapiga mstari.

Na kuna zaidi. Nimeitafuta imani yangu kwa makini, kama ninavyotafuta jalada lililopotea, rafu kwa rafu. Nimekuta woga tu, umepangwa vizuri sana.

Amani ya Mungu,
Mwanao, Tuovi


Haaraperä, 14 Februari 1978

Tuovi,

Salamu ya Mungu. Sisi wazima. Naandika mbio, gari la posta linapita saa nne.

Usisome. Kama umepiga mstari, nakili ukurasa upya, nani atajua? Baba yako ameiona barua yako. Sikumpa, aliikuta ndani ya kopo la kahawa. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Akisoma, hapa atafika kama mgeni." Unaelewa maana yake. Nitakufungulia mlango mimi niliyekuzaa, nikuambie siku njema kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Sitaweza, na nitalazimika. Usinifikishe hapo. Mmoja amenitosha.

Unasema umekuta woga. Nani hana? Sisi sote tunao, mwanangu. Tunakaa nao pamoja, unatutia joto.

Amani ya Mungu,
Mama yako


Oulu, 6 Machi 1978

Siku njema, Mama.

Nimetangulia mimi, ili usihangaike kuchagua. Nyonga inaendeleaje? Mansikki amezaa? Mimi nakula tena.

Nilisoma. Karatasi ilitetemeka mikononi mwangu hata mzee mmoja akaomba dirisha lifungwe, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nilisoma jambo la kwanza, la pili, la tatu, kisha nikasoma la nne kama nilivyolirekebisha: Dada Tuovi alitoa salamu kwa kukusudia. Msamaha aliuomba kwa woga, na anaurudisha.

Mzee Jalmari aliniambia niketi. Nikamjibu kwamba mwandishi husoma akiwa amesimama, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

"Nani amekuruhusu kusahihisha?"

"Uliniambia niandike kilichotokea, mzee. Ndicho hicho."

Hawakubishana sana. Nilinyimwa salamu kwa kura ya mikono iliyoinuliwa, na kwa kuwa nilikuwa nimenyang'anywa kalamu, mzee Jalmari aliandika uamuzi mwenyewe. Alikosea jina letu. Nikamwinamia nikamwonyesha kwamba Pirttijärvi ina t mbili. Akaongeza ya pili. Tulipokuwa tukichukua makoti mama Saimi akaniambia siku njema, nami nikamjibu, "Na kwako, mama, na kwa soseji." Ulikuwa utani mbaya. Sijautubu.

Jumatano nilikwenda ofisi ya parokia kujitoa katika kanisa lenyewe, lile kubwa ambalo kundi letu limo ndani yake. Sikutaka kutolewa na wengine kisha nibaki nimekaa kizingitini nikingoja kuitwa. Mchungaji si mtu wa kundi letu, ni mzee mpole mwenye mafua. Akasema sheria inanipa mwezi mmoja wa kufikiri, kisha nirudi. Akauliza kama nina hasira na mtu. Nikamwambia kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimewaogopa watu nikidhani namwogopa Mungu, na watu walipotoka chumbani, sikumkuta mwingine ndani. Akapenga kamasi, akasema amesikia majibu mabaya zaidi.

Bado naogopa, Mama. Naogopa kila simu inapolia. Lakini usiniombee msamaha kwa lolote. Sijauomba.

Mwanao, ikiwa neno hilo bado linaruhusiwa,
Tuovi


Oulu, 10 Aprili 1978

Siku njema, Mama.

Hamjambo huko? Wiki tano sijapata jibu. Nimeuliza posta, wamesema gari la Haaraperä halijakosa hata siku moja. Kwa hiyo nimejua.

Nimerudi kwa mchungaji, nimetia sahihi. Mhuri wake ulikuwa umekauka, ikabidi nimwonyeshe jinsi ya kuulowesha wino.

Oiva huja kwangu kila Jumapili. Jumapili moja nilikwenda mimi kwake, nikaiona hiyo televisheni. Mama, hata si nzuri. Tulitazama watu wakishindana kuteleza kwa ski, theluji juu ya theluji, hatukujua nani ameshinda. Kwa kitu kile amepoteza mama na baba. Nilimwuliza kwa nini hakuiuza. Akasema aliuliza kikao kama akiiuza atarudishiwa ndugu zake, wakamjibu kwanza akiri kwamba moyo wake ni mchafu. Televisheni angeitoa, akasema. Moyo wake hakuona sababu ya kuutukana.

Najua Alhamisi tarehe 20 unakuja hospitali kwa ajili ya jicho, tarehe ulipewa tangu mwaka jana. Siku zote hufikia kwa mama Saimi mpaka iwe saa ya basi. Safari hii njoo kwangu, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Oiva atakuwepo. Sitamtoa ili wewe uingie, nakuambia mapema usije ukashtuka. Ukija, kahawa ipo. Usipokuja nitaelewa, wala sitauliza mara ya pili.

Mwanao, Tuovi


Haaraperä, 24 Aprili 1978

Tuovi,

Naanza bila salamu. Ile moja sina ruhusa kukupa, na ile nyingine haitaki kutoka kwenye kalamu, nimeijaribu pembeni ya gazeti. Nimefika salama. Jicho litapona, daktari ameniambia niendelee na matone. Mansikki amezaa dume. Barua zako zote ninazo, hazikupotea. Kila nilipoketi kujibu, nilikwama mstari wa kwanza.

Nataka ujue kwa nini Alhamisi ile niliketi kwenye ngazi za jengo lako. Haikuwa nyonga. Nilipofika ghorofa ya pili nilimsikia Oiva anacheka mle ndani, miguu ikakataa. Kupanda ikakataa, kushuka ikakataa. Kama ungenishika mkono kunivuta, ningerudi kwa mama Saimi mbio, na nyonga hii hii. Lakini ulichungulia, ukaniona, ukauliza tu, "Mama, bado unatia maziwa?" Kisha mkateremka na sinia, wote wawili, mkaketi ngazi za chini yangu kama mlivyokuwa mkiketi mkiwa wadogo mkingoja sauna ipate moto. Yule jirani mwenye mbwa alipouliza kama lifti imeharibika, Oiva akamjibu kwamba jengo halina lifti, iliyokwama ni familia. Pale sikucheka. Nilikuja kucheka ndani ya basi, mpaka mwanamke wa pembeni akahama kiti.

Mkate wako wa iliki ulikuwa mkavu. Punguza moto.

Imani yangu sijaiacha, Tuovi, usije ukanitumia fomu. Mimi ninapoomba, namkuta aliye chumbani. Hilo nalo uliandike kwenye muhtasari wako.

Mama Saimi alimpigia baba yako simu kumwambia kwamba sikufika kwake. Jana baada ya chakula akaniuliza kama niliingia nyumba ya waliotoka. Nikasema hapana, na ni kweli, kizingiti sikuvuka.

"Basi ulikuwa na nani mpaka saa ya basi?"

"Na watoto wangu."

"Wepi?"

Nikamwambia, "Nimezaa kumi na mmoja, Eemeli, na kila mara nilikuwepo. Usinifundishe kuwahesabu."

Akavaa buti akaenda kupasua kuni. Kuni za mwaka huu na za mwaka ujao zimeshapasuliwa. Leo tena ametoka tangu asubuhi, namsikia hapa ninapoandika. Akichoka ataingia. Atanikuta mezani, sijaondoka.

Mama yenu