Mlango Mpya wa Mama

Kaka mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mlango wa kioo wa chumba cha mama, ule uliokuwa hausogei mpaka upigwe teke, umeng'olewa rasmi. Uliagiza tuubadilishe kwa sababu mama analalamika chumba ni giza, na kweli kioo chake kilikuwa kimepauka.

Huu mpya ni maajabu. Unateleza kwenye reli kwa kidole kimoja, tena kimya. Kioo kimetakata hata mjomba akakivaa uso kwa uso. Fundi akamwambia, "Mzee, hodi hupigwa kwa mkono." Ua wote umeingia ndani, na kamba ya nguo, na kuku wa jirani. Tulisimama tumeduwaa, hata mjomba na nundu yake.

Tukamketisha mama mbele ya mlango, jua la saa sita likimmwagikia magotini. Akasema kwa upole, "Ahsanteni, wanangu. Sasa fungueni hilo pazia, nami nione."

Kaka, hatujatundika pazia lolote. Mama haoni.

Ni mimi,
mdogo wako