Asubuhi na Jioni

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Mimi mzima, ila presha imenitembelea. Daktari kanipa vidonge, asubuhi na jioni, na kanikataza chumvi. Nakula kama mgonjwa, nanenepa kama bosi.

Sasa kaa chini. Nimepata kazi ya umeme huko kwenu, uwanja wa ndege: taa za njia ya kurukia. Tuseme nimepata nusu. Nusu nyingine ni kibali cha usalama, maana hugusi waya pale mpaka wakuchimbe ulikotoka. Nimewaambia yote: unga niliovuta, nyaya za shaba nilizoiba kazini, kifungo. Na kwamba nimeacha, huu mwaka wa sita. Wamesema ningeficha, ningeishia palepale. Afisa wa upekuzi atakuja kwako. Mwambie ukweli, hata ule wa cherehani yako.

Nikipata, dada, kutoka geti la uwanja mpaka mlangoni kwako ni kutembea tu. Sisemi utanifungulia. Nasema ni karibu.

Mdogo wako,
Waya

20 Machi

Waya,

Marahaba. Magoti yanalalamika, mdomo mzima.

Afisa wako kaja. Mpole, kavua viatu bila kuambiwa. Nimekupigia debe mpaka koo likakauka. Kifungo, nikasema kweli. Cherehani, nikasema uliiuza, nikaongeza kwamba hata hivyo ilikuwa inakata uzi. Akauliza, "Bado anatumia dawa?" Nikamwambia, "Tena kwa uaminifu! Asubuhi na jioni. Akikosa, kichwa kinamgonga."

Aliandika huyo! Hata chai hakumaliza. Nadhani umemgusa moyo.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na poleni nyote mnaonicheka. Kibali wamekataa. Wameandika: "Ndugu wa karibu amethibitisha kwamba mwombaji anaendelea kutumia dawa za kulevya."

Dada! Mtu anakuuliza unga, unamjibu presha!

Fundi mwenzangu kacheka mpaka kaangusha bisibisi. Nami nilicheka, halafu nikaenda kukaa stoo kidogo, peke yangu.

Nimekata rufaa. Nimepeleka cheti cha daktari na kipimo cha mkojo, lakini maneno yako yamo kwenye faili, na wa kuyafuta ni wewe. Nenda ofisini kwao, tafadhali. Kichwani nilishafunga mizigo, nilishahamia, nilishakuzoea tena.

Mdogo wako,
Waya

19 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, si kwa mazoea ya barua.

Nilikwenda. Nikaeleza presha, afisa akacheka, nikacheka. Kisha akauliza, "Mara ya mwisho ulimwona lini, mama?"

"Kabla hajafungwa."

"Sasa nani kakwambia ni vidonge vya presha?"

"Yeye mwenyewe."

Akaweka kalamu chini. "Na zamani, alipokuwa anavuta, alikwambia anaumwa nini?"

Waya, ulikuwa unaniambia malaria, na mimi nilikuwa nakununulia dawa.

Sikuweza kukuapia. Sikuiti mwongo, sijui tu. Umetoka, umeacha, umepata kazi na presha na kitambi, yote hayo nimeyasoma. Magoti nimeyasingizia. Niliogopa kuja nikamkuta yule wa zamani amekaa kitandani kwako.

Faili halifungwi mpaka nirudi kwa afisa. Nimekata tiketi, nafika Jumamosi. Usipige pasi shati, usiazime viti. Nataka nikukute unavyoishi, nikuone ukiamka, nikuone ukiudhika. Nikirudi nitasema nilichokiona, kiwe kizuri, kiwe kibaya.

Kibali wakikunyima, basi, tutakasirika wote wawili. Ila mtu baki asiniulize tena nimekuona lini, nikaanza kuhesabu.

Dada yako